Walther Dobbertin na Picha za Wapagazi wa Njia ya Unyanyembe

Mtu atakaye kuandika historia ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka huko hadi Ujiji, ana vyanzo vya namna tatu. Kwanza kuna maandishi ya wageni waliopita; pili kuna maandishi ya Waswahili wenyewe, ambayo si machache kama inavyodhaniwa; tatu kuna picha. Vyanzo viwili vya kwanza vimekwisha kuchunguzwa na wataalamu wengi. Cha tatu hutumiwa mara nyingi kama pambo: picha hutiwa kati ya kurasa ili kupumzisha macho ya msomaji, wala haiulizwi swali lolote. Makala haya yanakusudia kuitazama kazi ya mpiga picha mmoja, Walther Dobbertin, kama hati inavyotazamwa, yaani kuuliza iliandikwa lini, kwa ajili ya nani, na ni jambo gani lisilosemwa ndani yake. Hapo ndipo sifa yake itakapoonekana, na upungufu wake pia.

Yafaa kuanza na njia yenyewe. Mji wa Tabora ulikua kutokana na makazi ya Waarabu na Waswahili waliokaa chini ya himaya ya mtemi wa Unyanyembe katika karne ya 19. Makazi hayo wageni waliyaita Kaze, na jirani yake palikuwa Kwihara. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Speke alifika tena mwaka 1861 pamoja na James Augustus Grant, na safari hiyo walikuwa wamechukua kamera. Grant alipiga picha kule Unguja mwaka 1860, lakini bara hakuendelea. Kioo cha siku hizo kilipakwa dawa mbichi, na kazi yote ilipaswa kumalizwa kabla dawa haijakauka, ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga. Speke aliona kwamba joto la hema lile lingemwua mwenzake, basi Grant akaiacha kamera na kushika kalamu ya kuchorea. Kwa sababu hiyo Unyanyembe ya siku za Mnywa Sere na Mkasiwa, na vita vya Mirambo na Waarabu vilivyoanza mwaka 1871, inajulikana kwa maneno na michoro.

Huko Unguja mambo yalikuwa mengine. Mafundi wa Kigoa, kama A. C. Gomes, walifungua studio, na matajiri wa misafara waliorudi kutoka bara waliweza kukaa mbele ya kamera katika kivuli, kwa raha yao. Picha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mwenye kilemba na ndevu za mvi, imechapishwa katika vitabu vingi. Aliyekuwa na mali alipigwa picha, na jina lake likaandikwa chini yake. Lakini waliobeba pembe za mali hiyo vichwani na mabegani, kutoka Manyema hadi Unyanyembe na kutoka Unyanyembe hadi pwani, hawakuingia studio. Ilibidi vioo vya dawa kavu vienee, kuanzia miaka ya 1880, ndipo kamera ilipoweza kuwafuata njiani.

Walther Dobbertin ni mtu wa wakati huo wa vioo vikavu. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1882 na kufariki mwaka 1961. Alikuja katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani akiwa kijana, miaka ya kwanza ya karne ya 20, akafanya kazi ya picha Dar es Salaam. Aliishi kwa kuuza picha: watu walikwenda kwake kupigwa sura zao, naye alichapisha kadi za posta zilizonunuliwa na Wazungu ili kuwapelekea jamaa zao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa bado nchini, akaendelea kupiga picha za jeshi la koloni na askari wake. Mwaka 1932 alitoa Ujerumani kitabu cha picha kuhusu askari wa Lettow-Vorbeck. Mkusanyo wake sasa umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani huko Koblenz, na mwaka 2008 hifadhi hiyo iliziweka picha zake nyingi hadharani, za Dobbertin zikiwa miongoni mwake, hata mtu aliye Tabora aweza kuzitazama bila ya kusafiri.

Ama kuhusu ufundi wake, hakuna haja ya kuuficha. Alijua kulitumia jua la Afrika ya Mashariki, ambalo huwashinda wapiga picha wengi kwa kufanya nyuso ziwe nyeusi tititi na nguo ziwe nyeupe mno. Katika picha zake bora uso unaonekana wote: mashavu, makunjo ya paji, macho yanayoitazama kamera. Picha yake inayojulikana kuliko zote ni ile ya kampuni ya askari waliojipanga tayari kwa safari. Mwenye kuitazama haraka ataona mistari ya watu wenye sare moja. Akiitazama polepole ataona kwamba kila mtu katika mstari ni mtu mbali: huyu ameinua kidevu, huyu amechoka, yule ni kijana ambaye pengine hajafika miaka 20. Mpiga picha alitaka kuonyesha jeshi, lakini kioo chake kilikuwa kizuri kiasi cha kuonyesha watu.

Jambo hilo linastahili shukrani. Picha nyingi za Waafrika zilizopigwa siku hizo zilikusudiwa kupima vichwa au kuchekesha. Dobbertin naye hakuwa huru na fikra za watu wake, kwani alikuwa mfanya biashara katika koloni, na wateja wake walikuwa watawala. Hata hivyo alipokuwa nyuma ya kamera alikuwa na subira ya fundi, na subira hiyo ilimlazimisha kumpa aliye mbele yake nafasi ya kusimama kwa heshima. Kamera ya vioo ilikuwa nzito, iliwekwa juu ya miguu mitatu, na aliyepigwa ilimpasa kutulia. Mtu aliyeambiwa atulie hujiweka sawa. Kwa hiyo picha hizi zina alama ya waliopigwa pia: namna walivyojiweka ilikuwa ni shauri lao.

Lakini kamera hiyo hiyo haikuweza kufuata mapigano. Kwa hiyo nyingi katika picha za vita za Dobbertin zaonyesha kabla ya vita au baada yake: paredi, bunduki ya mtombo iliyowekwa tayari, mizinga, kambi. Na hapa ndipo msomaji wa historia ya Tabora anapopata shida, kwa sababu vita vya upande wa magharibi vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya kubeba.

Reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyowachukua Burton na Speke zaidi ya miezi minne ikawa ya siku chache. Msafara mkubwa wa masafa marefu, ambao kwa vizazi viwili au vitatu ulikuwa shule ya vijana wa Unyamwezi, hata ikasemwa kwamba asiyewahi kuiona pwani si mwanamume kamili, ulikuwa umekwisha. Miaka miwili tu baadaye vita vikaja na kuwarudisha watu chini ya mizigo, lakini kwa hali nyingine kabisa. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalishuka kutoka Rwanda na Burundi na kuvuka kutoka Tanganyika. Jenerali Kurt Wahle alikuwa akilinda upande huo kwa Wajerumani. Palipiganwa Lulanguru na Itaga, karibu na mji, na Tabora ikatwaliwa tarehe 19 Septemba 1916. Jeshi lililokuja na jeshi lililoondoka yote mawili yalilishwa na kupewa risasi kwa vichwa vya watu, mahali popote ambapo reli haikufika.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayotajwa na wanahistoria ni ya wapagazi wapatao milioni moja walioandikwa kutoka nchi mbalimbali, na waliokufa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Jeshi la Wajerumani nalo halikuweza kwenda hatua moja bila yao. Hawa ndio walio wengi katika vita hivyo, kuliko askari wa pande zote. Hata hivyo anayezifungua picha za vita za Dobbertin hukutana na askari kwanza.

Wapagazi wamo katika mkusanyo, lakini ugumu ni wa namna nyingine. Picha nyingi za Dobbertin zimepewa katika orodha ya hifadhi tarehe moja pana, yaani 1906 hadi 1918, na maelezo mafupi sana: nchi, kisha neno moja au mawili, kama vile askari, wapagazi, au mwanamke mwenyeji. Kwa mtunza nyaraka tarehe hiyo ni uaminifu, kwani hakutaka kudai asilo na hakika nalo. Kwa mwanahistoria wa njia ya Unyanyembe ni shimo. Katikati ya miaka hiyo 12 kuna ule mwaka 1912 reli ilipofika Tabora, na ule mwaka 1914 vita vilipoanza. Mtu aliyebeba mzigo mwaka 1907 na mtu aliyebeba mzigo mwaka 1916 wanaweza kufanana kabisa katika kioo, hali mmoja amekwenda kwa hiari, amepatana ujira, na anajua siku ya kurudi shambani, na wa pili amechukuliwa kijijini na hajui kama atarudi. Kuwaita wote wawili kwa neno moja ni kufuta tofauti iliyokuwa kubwa kwao kuliko tofauti nyingine yoyote.

Hapa lugha yaweza kusaidia pale ambapo picha imenyamaza. Neno mpagazi lenyewe latokana na kitenzi kupagaa, yaani kubeba begani, nalo lilikuwa jina la kazi, kama vile fundi au baharia. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na mpagazi alikuwa na sauti juu ya mzigo upi atauchukua. Mbele alikwenda kirangozi mwenye bendera na mavazi ya fahari. Mkuu wa kikundi aliitwa mnyampara, neno la Kinyamwezi lenye maana ya mzee au mtu mkubwa: alisimama kati ya watu wake na mwenye mali, na heshima yake ilitoka kwa watu wake. Neno hili liliendelea kuishi hata baada ya misafara kwisha, lakini maana yake ikageuka. Nyapara wa mashamba ya mkonge na wa magereza ni msimamizi aliyewekwa na mwenye nguvu ili awasukume wengine. Mzee amekuwa msimamizi. Vivyo hivyo neno hongo, lililokuwa ushuru wa wazi uliotolewa kwa watemi ili msafara upite kwa amani, sasa lina maana ya rushwa itolewayo kwa siri. Badiliko la njia nzima, kutoka mapatano hadi amri, limehifadhiwa katika maneno mawili. Hakuna kioo cha Dobbertin kinachoweza kulionyesha.

Kwa upande mwingine, neno halihifadhi uso. Mnyampara wa kamusi hana macho wala makovu. Ndiyo maana si haki kusema kwamba maandishi yatosha na picha ni za anasa. Vyanzo hivi viwili vina haja ya kila kimoja kwa mwenziwe, na kosa la siku zote limekuwa ni kuviweka katika rafu mbalimbali.

Jambo la tatu ni majina. Maandishi ya Kiswahili ya zama hizo yamejaa majina ya watu. Tippu Tip, alipoandika maisha yake kwa hati za Kiarabu, nayo yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na tena kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950, hakutaja safari bila kutaja aliyekuwa naye, aliyemkopesha na aliyepigana naye. Sleman bin Mwenye Chande, ambaye habari za safari yake ya bara zimo katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, anasimulia kwa namna hiyo hiyo. Na watunzi wa tenzi za vita, kama Hemedi bin Abdallah el Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi, na Abdul Karim bin Jamaliddini katika Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, waliona ni wajibu wa mtunzi kutaja watu na miji yao. Katika desturi hii, habari ya vita isiyo na majina si habari iliyotimia.

Kadi ya posta ina desturi iliyo kinyume chake. Mnunuzi wa kadi huko Berlin hakuhitaji jina la mtu. Alihitaji namna ya mtu. Kwa hiyo Dobbertin, ambaye bila shaka aliandika jina la kila mteja aliyelipia picha yake mwenyewe, aliwauza wengine kwa jina la kabila au la kazi. Watu wawili waliweza kutulia mbele ya kamera ile ile, mmoja akatoka na jina lake, wa pili akatoka ni askari tu. Aliyepata jina ni yule aliyelipa. Lawama hii si ya Dobbertin peke yake. Ilikuwa kanuni ya biashara yote. Lakini matokeo yake yako mezani mwa kila mwenye kutafuta leo.

Inafaa pia kuondoa dhana moja inayosikika mara kwa mara, kwamba Waswahili walisema kupiga picha kwa sababu waliona kamera kuwa silaha, kama kupiga bunduki. Ushahidi wa lugha hauiungi mkono dhana hiyo. Kitenzi kupiga hutumika kwa kazi nyingi zifanywazo kwa chombo au kwa kiungo: kupiga pasi, kupiga ngoma, kupiga mbiu, kupiga magoti. Hakuna aliyedhurika kwa pasi kwa sababu ya kitenzi chake. Maneno ya kale, taswira na sanamu, yalitumika kwa sura yoyote iliyofanywa kwa mkono, na picha lilipoingia kutoka Kiingereza lilipewa kitenzi kilichokuwa tayari. Ikiwa palikuwa na udhalimu katika picha za koloni, na palikuwapo, basi uko katika nani aliyemiliki kioo na nani aliyeandika maelezo. Kuutafuta katika kitenzi ni kupoteza njia.

Basi lifanywe nini? La kwanza ni kuacha kuzungumza juu ya picha za Dobbertin kana kwamba zote ni za wakati mmoja. Vitu vilivyomo ndani yake vyaweza kutoa ushahidi: mzigo ni pembe, ni kitambaa, au ni kasha la risasi? Kirangozi yupo na bendera yake, au mbele yuko askari mwenye bunduki? Wanawake na vyungu vya msafara wapo, au ni wanaume watupu? Maswali haya hayatatoa tarehe ya kila picha, lakini yataligawa lile fungu la miaka 12 katika mafungu madogo yenye maana.

La pili ni kuandika maelezo mapya kwa Kiswahili. Lugha hii ndiyo iliyosemwa katika msafara na katika kampuni ya askari, na ndiyo yenye maneno ya kutofautisha mpagazi, mnyampara, kirangozi, ruga-ruga na askari, ambao katika maelezo ya Kijerumani mara nyingine huunganishwa pamoja. Jina la mtu lisibuniwe kamwe pale lisipojulikana. Lakini mahali pa jina paachwe wazi, ili msomaji aone kwamba kuna kitu kilichopotea.

La tatu ni kuzipeleka picha zilikotoka. Katika Kwihara kuna tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, lililohifadhiwa kuwa makumbusho, na mgeni aendaye huko hujifunza habari za Livingstone na Stanley. Ukuta mmoja ungeweza kutosha kwa nyuso za waliowabebea wote wawili na waliofuata baada yao. Huenda wajukuu wakajua mavazi, chale, au hata sura ambayo hakuna mtaalamu wa Koblenz awezaye kuijua. Kila mwaka unaopita unapunguza watu waliosikia habari hizi kwa masikio yao kutoka kwa baba zao.

Ukumbusho wa wapagazi katika miji ya pwani na Kenya una somo la namna hii. Sanamu iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha askari mmoja peke yake, ijapokuwa maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Ile ya Nairobi ina mpagazi kati ya askari. Lakini ukumbusho mkubwa kuliko zote haukuchongwa na fundi yeyote. Ni jina Kariakoo, ambalo watu wa Dar es Salaam walilifanya kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Wenye kununua na kuuza humo kila siku hulitamka jina hilo bila ya kuwaza walioliacha. Nyuso zao, au nyuso za wenzao walio kama wao, zimo katika vioo vya Dobbertin. Kuyakutanisha yale majina yaliyobaki bila nyuso na zile nyuso zilizobaki bila majina ni kazi ambayo bado haijafanywa, na ni ya wale wanaoijua lugha.